Nafasi ya Nne Kwenye Mabano

Ndani ya Kohana, kiunzi cha PHP kilichochipuka mwaka 2007 kutoka CodeIgniter, kuna mstari mmoja unaobisha hodi kwenye seva ya MySQL. Amri yake ni mysql_connect, na mabano yake yana vitu vinne. Cha kwanza ni anwani ya seva, cha pili jina la mtumiaji, cha tatu nywila. Cha nne ni neno moja: TRUE. Msomaji wa haraka hulipita. Programu nyingi ndogo hazina haja nalo, na zingefanya kazi vilevile hata kama lingefutwa. Lakini aliyeliandika alikuwa ameifikiria siku ambayo programu moja ingetaka kuzungumza na seva ileile kwa njia mbili zisizochanganyikana, akaiwekea siku hiyo akiba.

Kohana ndiyo iliyoibeba Ushahidi. Jukwaa hilo lilianza Januari 2008, Kenya ikiwa kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, pale Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walipoanzisha ramani ya kupokea taarifa za wananchi kwa SMS na kwa wavuti. Toleo la kwanza lilijengwa kwa siku chache. Lilipokuja kuandikwa upya ili wengine nao walitumie, liliandikwa kwa PHP juu ya Kohana, na data yake ikakaa kwenye MySQL. Machi 2010 kituo cha wanateknolojia cha iHub kilifunguliwa kwenye ghorofa ya nne ya Bishop Magua Centre, Barabara ya Ngong, na kijana aliyeshuka matatu hapo chini aliweza kuketi chumba kimoja na watu waliokuwa wakiutunza msimbo huo. Msimbo wenyewe ulikuwa wazi kwa wote. Yeyote mwenye intaneti na subira aliweza kushuka faili kwa faili hadi chini kabisa, akakutana na TRUE ile na kujiuliza inafanya nini pale.

Kujiuliza huko ndiko mwanzo wa ufundi ninaotaka kuusifu. Katikati ya jiji la Nairobi, kwenye majengo ya zamani kati ya Moi Avenue na River Road, na upande wa magharibi, Kilimani, Kawangware hadi Kangemi, kuna mafundi wanaoishi kwa kuandika mifumo ya Sacco, ya shule, ya zahanati na ya wenye nyumba za kupangisha. PHP ni mkate wao wa kila siku. Mteja wao huona rangi ya vitufe na ripoti ya mwisho wa mwezi, na bei humaliziwa hapo. Hakuna aliyewahi kuongezewa hata shilingi mia kwa kufungua miunganisho miwili mahali ambapo mwenzake angefungua mmoja. Hata hivyo, ukikaa kando yao wakiwa kazini, hapo ndipo utakapomtambua aliyeiva.

Kufungua muunganisho ni tendo lenye adabu yake. Kompyuta mbili husalimiana kwanza kwa pakiti tatu za TCP, kwa kawaida kwenye mlango namba 3306. Kisha seva ndiyo inayotangulia kusema. Hutaja toleo lake, huupa muunganisho huu namba, na hutoa baiti 20 zilizochaguliwa bila mpangilio. Kwa utaratibu uliokuwa wa kawaida tangu MySQL 4.1 hadi 2018, programu ilichanganya baiti hizo na nywila, ikausaga mchanganyiko huo kwa SHA-1, na kurudisha unga. Nywila yenyewe haisafiri, na anayedukua waya leo hawezi kulitumia jibu hilo kesho, kwa kuwa kesho baiti zitakuwa nyingine. Seva ikiridhika hujibu sawa. Yote hayo humalizika kabla mtumiaji hajaondoa kidole kwenye kitufe.

Kinachofuata ndicho ambacho wanagenzi wengi hawakioni. Muunganisho unakuwa na kumbukumbu yake. Seva hukumbuka ni hifadhidata ipi imechaguliwa, ni muamala upi umeanza na haujafungwa, ni rekodi zipi zimetiwa kufuli, ni majedwali gani ya muda yametengenezwa, na ni namba gani ya mwisho iliyotolewa kwa rekodi mpya. Kumbukumbu hiyo haionekani na muunganisho mwingine wowote. Karani wa dirisha la kwanza akimwandikisha mwanachama na kupata namba 812, na wa dirisha la pili papo hapo akapata 813, kila mmoja akiuliza LAST_INSERT_ID atajibiwa namba yake mwenyewe. Faragha hiyo ni neema kwa anayeijua. Kwa asiyeijua ni chanzo cha makosa yanayotokea Jumatatu na kutoweka Jumanne.

Sasa turudi kwenye mabano. Mwanagenzi anaandika programu inayogusa hifadhidata mbili zilizo kwenye seva moja. Anafungua muunganisho wa kwanza, anauita $wanachama, na kuchagua hifadhidata ya wanachama. Anafungua wa pili kwa anwani ileile, jina lilelile na nywila ileile, anauita $malipo, na kuchagua hifadhidata ya malipo. Kisha anaurudia ule wa kwanza kuuliza jina la mwanachama. Seva inamjibu kwamba ndani ya hifadhidata ya malipo hakuna jedwali la wanachama. Anakodoa macho. Mstari unasema wazi kwamba anauliza $wanachama!

Kilichotokea ni kwamba mysql_connect iliundwa kuwa bahili. Ikiitwa mara ya pili ndani ya ukurasa mmoja kwa vitu vilevile vitatu, haifungui kitu. Hurudisha muunganisho uliokwisha kufunguliwa, bila onyo wala kosa. Mwanagenzi ana majina mawili, lakini ni mishikio miwili ya sufuria moja, na alipochagua hifadhidata kwa mshikio wa pili aliibadilisha sufuria yote. Ubahili huo ulikuwa na sababu njema. Kurasa za wavuti za zama zile zilijengwa kwa vipande vilivyoitana, kichwa cha ukurasa kikifungua muunganisho, menyu ikifungua wake, na mkia wake, na PHP ikaona heri kuwapa wote mmoja. Toleo la 4.2.0, la mwaka 2002, ndilo lililoleta nafasi ya nne kwenye mabano, ili anayetaka muunganisho mpya kabisa aweze kuuomba waziwazi. Kabla ya hapo ilibidi mtu atumie hila, kwa mfano kuandika localhost mara moja na 127.0.0.1 mara nyingine, ili PHP ione anwani mbili tofauti ingawa seva ni hiyohiyo.

Nimewahi kumtazama fundi mmoja, mama wa makamo mwenye ofisi ndogo upande wa Kawangware, akimfundisha kijana jambo hili. Hakumweleza. Alimwambia aiulize kila njia namba yake kwa SELECT CONNECTION_ID(), aandike majibu kwenye karatasi.

"Mwalimu, ya kwanza ni 58."

"Na ya pili?"

"58."

"Basi una ngapi?"

Kijana akacheka kwa aibu. Akaongeza neno la nne, akaupakia ukurasa upya, na safari hii akapata 59 na 60. Mama hakumwachilia hapo. Alimtaka apitie kila swali lililokuwa likitumwa kwa seva na kuhakikisha limetaja muunganisho wake, kwa sababu mysql_query isiyotajiwa muunganisho huenda kwa uliofunguliwa mwisho. Fungua njia mbili kisha usahau kutaja moja, na swali lako litafuata ile usiyoikusudia. Kazi hiyo ya kupitia mstari baada ya mstari iliendelea hadi mvua ya jioni, na kijana alipomaliza kila swali lilikuwa na mwenyewe.

Nilichokipenda ni ile tabia ya kuuliza namba. Fundi wa kawaida husoma msimbo na kukisia seva inafanya nini. Fundi aliyeiva huiuliza seva yenyewe. Ana dirisha jingine pembeni lenye SHOW PROCESSLIST, ambamo kila muunganisho huonekana ukiwa na namba yake, mtumiaji wake, hifadhidata yake na sekunde ulizokaa katika hali uliyomo. Wapo wanaoitazama orodha hiyo jinsi daktari anavyotazama kipimo, mara kwa mara na bila kusema neno.

Lakini kwa nini mtu atake njia mbili? Hifadhidata mbili si sababu kubwa, kwani MySQL huruhusu swali moja kutaja jedwali pamoja na hifadhidata yake na kumaliza kazi kwa njia moja. Sababu kubwa hutokana na ile kumbukumbu, na mbili kati yake zinastahili kutazamwa kwa utulivu.

Ya kwanza ni kuhama. Sacco iliyotunza hesabu kwenye mfumo wa zamani inataka kuhamia mpya, na kuna rekodi milioni kadhaa za michango. Kwa desturi, PHP ikiuliza swali huvuta jibu zima hadi kwenye kumbukumbu ya programu kabla ya kulitumia. Kwa wanachama hamsini hakuna neno. Kwa michango ya miaka ishirini, kikomo cha megabaiti 128 ambacho PHP huja nacho kitagongwa na kazi itakatika njiani. Dawa ni kuvuta jibu kidogokidogo, rekodi moja moja, kama linavyotoka kwenye seva. Ila dawa hiyo ina sharti. Maadamu jibu halijaisha kuvutwa, muunganisho huo hauwezi kupokea swali jingine. Jaribu kuandika rekodi mpya kwa njia hiyohiyo, na utapewa kosa namba 2014, linalosema amri zako hazifuatani.

Kwa hiyo fundi hufungua njia mbili, moja ya kusoma na nyingine ya kuandika. Katika kuzifungua huonyesha busara nyingine: njia ya kusoma huipa mtumiaji mwenye ruhusa ya SELECT peke yake. Hesabu za zamani haziwezi kuharibiwa na programu ile hata kama mkono utateleza saa nane za usiku, maana seva yenyewe itakataa. Njia ya kuandika hukusanya rekodi, tuseme elfu moja moja, kisha huzifunga kwa COMMIT. Na fundi huyo anajua pia kwamba njia ya kusoma haipendi kusubirishwa. Seva iliyo tayari kutoa rekodi na haina wa kuipokea huvumilia kwa muda uliowekwa kwenye net_write_timeout, ambao kwa kawaida ni sekunde 60, kisha hukata. Hivyo fungu la kuandika linapimwa lisiwe kubwa mno. Njia mbili zisizojuana zinaendeshwa kwa mwendo mmoja, na anayezipatanisha ni yeye.

Sababu ya pili inahusu fedha, na hapa Nairobi fedha ni M-Pesa. Tangu Safaricom ilipofungua Daraja, huduma yake ya kuunganisha mifumo na M-Pesa, mwaka 2017, mfumo mdogo wa Sacco uliomo kwenye seva ya kukodi unaweza kupokea taarifa ya malipo moja kwa moja. Mwanachama analipa kwa namba ya Paybill, na sekunde chache baadaye ukurasa wa PHP unagongwa na ujumbe wenye namba ya muamala, kiasi, na namba ya akaunti aliyoiandika mwanachama. Ukurasa una kazi tatu. Lazima uongeze salio la mwanachama, uandike kwenye leja, na ujibu upesi kwamba umepokea.

Fundi hufunga kazi za salio na leja ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata, ili zikubaliwe zote au zikataliwe zote. Salio likiongezeka na leja ikashindwa, ROLLBACK huirudisha hali kama ilivyokuwa. Vizuri. Lakini huo ujumbe wenyewe uko wapi? Ikiwa uliandikwa kwenye jedwali la kumbukumbu kwa njia hiyohiyo baada ya muamala kuanza, ROLLBACK imeufuta nao. Mwanachama ana SMS ya kuthibitisha malipo, Sacco haina hata alama kwamba kuna kitu kilifika. Mhasibu anaapa hakuona, mwanachama anaapa alilipa, na wote wawili wanasema kweli.

Oracle ina namna ya kuanzisha muamala huru ndani ya muamala mwingine. MySQL haina. Kwa hiyo fundi hufungua muunganisho wa pili, wa kumbukumbu tu. Ujumbe ukifika, kabla ya kuuchambua, kabla hata ya kujua kama namba ya akaunti ipo, huuandika mzimamzima kwa njia hiyo, na rekodi hiyo hukamilika pale pale. Kisha ndipo muamala wa salio huanza kwenye njia ya kwanza. Kosa likitokea humo, njia ya kwanza inarudi nyuma, na njia ya pili inaandika kwamba kosa limetokea, saa ngapi na kwa sababu gani. Asubuhi mhasibu anafungua orodha ya malipo yaliyokwama na kuyashughulikia. Namba ya muamala huwekewa sharti la kutorudiwa kwenye leja, ili ujumbe ukifika mara mbili, salio lisiongezwe mara mbili.

Hapo ndipo ninapoiona maana ya ufundi huu wote. Kutenganisha miunganisho ni kuamua mapema ni vitu gani vianguke pamoja, na ni kipi kibaki kimesimama vingine vikianguka. Salio na leja zianguke pamoja. Kumbukumbu isianguke. Hakuna kitabu cha PHP kitakachomwambia fundi huyo mgawanyo huo. Ameupata kwa kuielewa Sacco, kwa kuketi na mhasibu na kujua ni karatasi gani huliliwa zikipotea.

Na njia mbili zina hatari yake, ambayo hunishangaza kila nikiifikiria kwa jinsi ilivyo tulivu. Tuseme njia ya kwanza imeanza muamala na kugusa salio la mwanachama. Rekodi hiyo sasa ina kufuli. Programu hiyohiyo, kwa uzembe mdogo, inaituma njia ya pili kubadilisha rekodi ileile. Njia ya pili inasubiri kufuli lifunguliwe. Lakini kufuli litafunguliwa muamala wa kwanza ukikamilika, na muamala wa kwanza utakamilika programu ikiendelea, na programu haiendelei kwa kuwa inaisubiri njia ya pili. MySQL ina jicho kali la kugundua miunganisho inayongojana, na huurudisha nyuma muamala wa mmoja wao mara moja. Hapa haioni kitu, maana kwa upande wake njia ya kwanza haingoji chochote, imenyamaza tu. Mzunguko umefungika nje ya seva, ndani ya PHP. Basi kila kitu husimama hadi sekunde 50 za innodb_lock_wait_timeout zipite, ndipo kosa namba 1205 litokee. Programu imejifungia mlango na ufunguo uko mfukoni mwake.

Fundi aliyewahi kuumwa na jambo hilo huchora mpaka. Njia ya kumbukumbu haigusi majedwali ya fedha kamwe. Wala jedwali la kumbukumbu halifungwi kwa ufunguo wa kigeni kwenye rekodi ambazo njia ya kwanza inazitengeneza, kwa sababu seva ikitaka kuhakiki ufunguo huo italazimika kuisubiri rekodi isiyokamilika, na tumerudi kwenye sekunde 50. Kumbukumbu inashika namba ya muamala kama maandishi ya kawaida, basi. Mwanafunzi aliyetoka darasani akiona jedwali lisilo na ufunguo wa kigeni hudhani ni uvivu. Ukimwuliza mwenye kazi, atakuonyesha kwamba ufunguo ulikuwapo na uliondolewa kwa makusudi.

Kuna upande mwingine wa ustadi huu, nao ni kujizuia. Kila muunganisho hula kumbukumbu ya seva, na MySQL huja na kikomo cha 151. Kwa kweli hukubali mmoja zaidi, ulioachwa kwa msimamizi, ili seva ikijaa pomoni bado awepo mtu wa kuingia na kuona nani kajaza. Kwenye seva za kukodi za bei ya chini, ambako mifumo mingi ya mtaani hukaa, kila mteja huwekewa kikomo chake kidogo zaidi. Ukurasa uliofungua njia moja na sasa unafungua mbili umepunguza nusu ya watu wanaoweza kuhudumiwa kwa wakati mmoja. Siku ya mwisho wa mwezi, wanachama wakifungua simu zao kwa pamoja kuangalia mikopo, hesabu hiyo haina huruma. Kosa namba 1040 litakuambia miunganisho imezidi.

Hivyo njia ya pili hufunguliwa mahali pale tu inapohitajika. Ukurasa wa kuonyesha salio hauihitaji, ule wa kupokea malipo unaihitaji. Fundi mzuri huiandika ifunguke kwa kuchelewa: jina limewekwa, anwani imewekwa, lakini hodi haibishwi hadi swali la kwanza litakapotumwa. Kohana nayo ilifanya hivyo. Programu ikipita bila kuwa na la kuandika, seva haikusumbuliwa.

Wako waliotafuta nafuu kwenye miunganisho ya kudumu, ile ya mysql_pconnect, isiyofungwa ukurasa unapokwisha bali huachwa wazi kwa ajili ya mgeni ajaye. Nafuu ipo, hasa seva ikiwa mbali na salamu zile za mwanzo zikichukua muda. Lakini kumbuka kwamba muunganisho una kumbukumbu. Mgeni ajaye anaweza kurithi jedwali la muda la aliyetangulia, au kufuli lake, au muamala aliouacha wazi ukurasa ulipokatika. Nduguye mpya, mysqli, aliporuhusiwa njia za kudumu katika PHP 5.3 mwaka 2009, alipewa kazi ya kusafisha kwanza kabla ya kumkabidhi mgeni. Kuna aliyeona uchafu ule, akaona pia ni nani atakayeukanyaga.

Amri ya mysql_connect yenyewe imekwisha kuondolewa. PHP 7.0, iliyotoka Desemba 2015, ilizitupa amri zote za ukoo ule, na nafasi ya nne ikaenda nazo. Leo, katika zana zilizochukua nafasi yake, kila PDO mpya ni muunganisho mpya, na kila mysqli mpya vilevile, bila kuomba. Hatari imegeuka upande. Zamani mwanagenzi alidhani ana njia mbili kumbe ana moja. Sasa anadhani ana moja, kumbe kila kipande cha programu kimejifungulia yake, na kila moja ina muamala wake usiojulikana na wenzake. Anaandika salio kwa njia hii, analisoma kwa ile kabla ya COMMIT, na anaambiwa salio ni la jana. Viunzi vya siku hizi, Laravel kwa mfano, vimejibu kwa kuipa kila njia jina ndani ya faili la mipangilio, na jina moja hurudisha muunganisho mmoja kila ukiitwa. Ukitaka wa pili, unaupa jina la pili. Unaweza kuuita "kumbukumbu", na kila atakayekuja kuisoma programu baada yako atajua kazi yake kabla hajasoma mstari mwingine.

Zana zimekuwa rahisi, uamuzi umebaki mgumu kama ulivyokuwa. Laravel haitakuambia kwamba ujumbe wa malipo unastahili njia yake, kama vile PHP 4 haikukuambia. Kwa hiyo ikiwa wewe ni mweka hazina wa chama au Sacco, na kuna kijana wa Ngong Road au wa Moi Avenue amekuja na mfumo wake kwenye kipakatalishi, usianze na rangi za vitufe. Mwombe atume malipo ya majaribio kwa akaunti isiyokuwapo, kisha akuonyeshe ni nini kimebaki kwenye hifadhidata baada ya kukataliwa. Akikuonyesha salio ambalo halikuguswa pamoja na rekodi kamili ya ujumbe uliofika, mpe kazi, na usibishane naye sana juu ya bei.